Kengele ya Mkiani

Siku ya kuniaga kazini, kampuni yetu ya kupandisha wageni Mlima Hanang ilinipa kengele. Ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu na kugandishwa juu ya kibao kilichochongwa jina la kampuni. Nilipofika nyumbani niliitikisa, haikulia. Ndani hamna kitu, imetengenezwa ya kutazamwa tu. Mke wangu akasema tuiweke juu ya kabati la vyombo, nikamwambia aiweke popote nisipoiona. Ninyi vijana mlioko getini sasa mlipiga makofi siku ile na siwalaumu, maana hamjui habari ya kengele ilianzia wapi. Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyenyewe vilikuwa vichache, na mshahara kila mmoja wenu anajua ulivyo.

Nilizaliwa Dongobesh, nikaja Katesh nikiwa kijana kumsaidia mjomba shamba la ngano. Ngano iliposhindwa mwaka huo, niliingia mlimani kupitia maji. Mnajua kwamba njia yetu ya kupandia Hanang haina kijito wala chemchemi, kwa hiyo kila tone la chai linalonyweka juu limepanda mgongoni mwa mtu. Siku yangu ya kwanza nilipewa madumu mawili. Moja lilikuwa na mfuniko mbovu, na mimi sikukagua. Maji yalinishukia mgongoni, yakaingia kwenye suruali, yakafika mpaka kwenye raba. Nilifika kambini nimelowa chapachapa na dumu langu jepesi. Mpishi alilinyanyua akaniuliza kama nilikuwa nakunywa au nabeba.

Aliyeniokoa siku hiyo ni mzee mmoja Mbarabaig aliyekuwa akitembea nyuma ya kila mtu. Hakusema kitu mbele ya wenzangu. Aliutoa ule mfuniko, akakata kipande cha nailoni kwa kisu, akakitandika chini yake na kuufunga tena. Akanipa.

"Kuanzia leo funga mwenyewe," akaniambia. "Mfuniko ya mtu mwingine usiamini."

Watu wote walimwita Mzee wa Kengele. Jina lake halisi nitalitaja mwishoni, na nina sababu yangu. Alikuwa mrefu, mkavu, anavaa lubega nyekundu iliyopauka na katambuga za tairi. Kampuni iliwahi kumpa buti za mlimani. Alizivaa kuanzia getini mpaka pale bosi asipoweza kumwona, akazivua, akazifunga kamba na kuzitundika shingoni. Alisema buti zinamfanya asijue anakanyaga nini.

Mimi ni Mwiraqw, na wazee wa kwetu walitufundisha kwamba Mbarabaig akiwasifu ng'ombe wako, usilale. Yeye naye alilelewa akiambiwa kwamba sisi tukiona majani mazuri tunayalima kwanza halafu ndiyo tunauliza ni ya nani. Tulitaniana hivyo miaka yote. Nikichelewa kuamka kambini ataniuliza kama nilikuwa nalima usiku. Naye akisifu kitu changu chochote, hata soksi, nakificha. Lakini kazi yote ninayoijua nilifundishwa na yeye, na sijawahi kuona aibu kulisema hilo mbele ya Wairaqw wenzangu.

Sasa kengele. Aliivaa kiunoni, kengele ya chuma ya ng'ombe, nyeusi, sauti yake nzito kidogo. Fundi aliyemtengenezea baba yake alitengeneza mbili kutoka chuma kimoja, na moja ilibaki nyumbani ikivaliwa na maksai anayeongoza kundi. Utaratibu wa kutembea aliuleta yeye, kwa kuufuata wa machungani. Kiongozi yuko mbele, wageni katikati pamoja nasi wabeba mizigo, na mtu mmoja yuko mkiani na kengele. Ukungu wa Hanang mnaujua, unaweza kumpoteza mtu aliye hatua chache tu mbele yako. Kengele ikilia, msafara umekamilika, endeleeni. Kengele ikinyamaza, wote simameni, hata kama mvua inawapiga, mpaka ilie tena. Hakuna kuitana wala kurudi rudi. Nilimuuliza kwa nini yeye anayeujua mlima kuliko sote hakai mbele.

"Ng'ombe ya mbele inajua njia," akasema. "Ya nyuma ndiyo inajua shida. Sasa mimi nikae na nani?"

Nimefanya kazi nyingine pia. Niliwahi kwenda misimu michache Kilimanjaro, huko ndiko nilikokanyaga theluji ya kweli, na nilijifunza kwamba inaunguza vidole kama jiko. Niliwapeleka wageni Yaeda Chini kwa gari, ingawa kwa barabara ile, sehemu kubwa ya safari sisi ndio tuliolipeleka gari. Lakini kila mara nilirudi Hanang. Kilimanjaro walinifundisha mambo mengi ya hewa na ya dawa, ila jambo moja nilikuwa nimekwenda nalo kutoka kwa yule mzee, nalo ni kwamba safari huharibika karibu na mwisho. Mtu akipanda anaogopa, na woga unamlinda. Akishuka akaanza kuona mabati ya Katesh yanang'aa chini kule, anaanza kuwaza soda na kuoga, na miguu inabaki peke yake. Mzee alikuwa hasemi tumefika mpaka ameketi chini getini. Wageni walidhani ni mila ya kwao. Haikuwa mila, ilikuwa akili.

Nimefika kwenye safari ninayotaka kuwasimulia. Nimeizungukia hapo juu kwa sababu hata sasa hasira yake haijaniisha.

Kiongozi wa mbele alikuwa Petro, kijana wa Dareda, mwimbaji mzuri, wageni walimpenda. Mimi nilikuwa katikati. Mzee mkiani. Tulifika kileleni salama, na tulipoanza kushuka kwenye ule mgongo mwembamba wa mawe, ikatukamata mvua ya mawe. Tulijikunyata chini ya majabali, mizigo vichwani. Ilipokwisha tukatoka, na mlima mzima ulikuwa mweupe. Barafu ilijaa kwenye nyasi, kwenye nyufa za miamba, kwenye njia yenyewe. Sijaona tena Hanang ikiwa vile. Wageni walifurahi kama watoto, wakatengeneza madonge na kutupiana. Walitoka nchi za theluji, wakasema wamesafiri mbali kote kuja kuikuta Afrika. Walikuwa na buti zenye meno. Sisi tulikuwa na raba, na Mzee alikuwa na tairi.

Tulishuka taratibu. Kengele ilikuwa inalia nyuma yetu, nzito, hatua kwa hatua. Tulipoipita sehemu mbaya na kuanza kuona mabati ya mji chini, mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye mvi, akasimama akijipapasa. Simu yake haipo. Alikumbuka ameiacha juu ya jiwe pale alipokuwa akipiga picha za barafu.

Mama yule mwenyewe alisema basi, iacheni, ni simu tu. Nilimsikia. Lakini Petro kichwani mwake alikuwa ameshamwona bosi akimkaripia.

"Mzee," akaita nyuma, "rudi kidogo tu hapo juu, simu ya mgeni."

"Mnanisubiri?" Mzee akauliza.

"Tunakwenda polepole. Wewe utatukuta, una miguu ya mbuzi."

Mzee alimtazama Petro kidogo. Halafu akageuka akapanda, na kengele ikapanda naye mpaka tukaacha kuisikia. Kwa utaratibu wake mwenyewe tulipaswa kusimama pale pale. Nikamwambia Petro, "Kengele imenyamaza." Akasema wageni wamelowa, wakisimama watapata baridi, na kwamba mzee ataisikia tu sauti yetu. Wageni walikuwa wanatetemeka kweli. Tukaenda polepole kama alivyoahidi, kila baada ya muda nikigeuka.

Tulipoingia kwenye ukungu juu ya msitu, tukaisikia kengele nyuma yetu.

Siwezi kuwaeleza nilivyofurahi. Sauti ni ile ile, nzito, kwa mwendo ule ule wa kutulia. Petro akanigeukia akicheka. Akaanza kuimba, na wageni wakaitikia hata kwa maneno wasiyoyajua. Tukashuka msitu wote kwa nyimbo, kengele ikitufuata. Tukatoka kwenye majani ya malisho, tukaliona geti, tukaliona gari, tukamwona bosi amepanga meza yenye keki na vyeti. Wageni wakaketi, wakavua buti. Mimi nilisimama kwenye kona ya njia kumsubiri mzee nimpokee fimbo, kama ilivyokuwa desturi yangu.

Kilichotoka msituni ni maksai.

Alikuwa maksai mkubwa mwenye nundu, kengele shingoni, anatembea bila haraka. Nyuma yake wakatoka ng'ombe wengine, mvua ya mawe ilikuwa imewafukuza malishoni, wakaifuata njia kurudi nyumbani. Nyuma kabisa alikuwa mama mmoja na fimbo. Nilimtambua. Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa Mzee, tulimwita Mama Joni. Boma lao liko chini ya msitu. Na yule maksai ndiye aliyevaa kengele pacha. Mbarabaig yeyote angekuwa katikati yetu angesikia kwamba ule ni mwendo wa mnyama, lakini Mbarabaig wetu alikuwa juu.

Nilikwenda kwa bosi. Bosi wakati ule alikuwa baba wa huyu mlionaye sasa, na sura zao zinafanana. Nilimwambia, "Bosi, shikamoo, Mzee wa Kengele hajashuka."

"Marahaba. Wageni wametimia?"

"Wametimia."

"Basi."

Nikarudia. Nikamwambia tumefuata kengele ya ng'ombe, mzee hatukumsikia tangu kwenye barafu. Bosi akamtazama maksai aliyekuwa anakula majani kando ya gari, halafu akasema, "Mang'ati apotee Hanang? Ng'ombe wake wenyewe wamejua njia, yeye ashindwe?"

Hilo la Mang'ati ni jina ambalo Wabarabaig wenyewe hawalipendi, na bosi alilijua hilo. Wakacheka. Dereva akacheka, mpishi akacheka, na Petro, aliyemtuma, akacheka pia. Labda alicheka kwa woga. Nimejaribu kumtafutia udhuru miaka yote hii na sijaupata unaotosha.

Yule mgeni mwenye mvi alikuja akasimama kati yetu, akauliza kwa Kiingereza yule mzee mwenye kengele yuko wapi. Kati ya wote waliokuwa getini ni yeye peke yake aliyeuliza. Bosi akamjibu kwa tabasamu kwamba asijali, anaishi hapa hapa. Mama akamwambia kwamba alirudi juu kwa sababu ya simu yake.

Uso wa bosi ulibadilika. Akanivuta kando.

"Simu ya mgeni iko kwake?"

"Iko kwake, kama aliipata."

"Sasa mbona umesimama hapa? Chukua watu uende. Wale kesho wana ndege."

Hivyo ndivyo nilivyopewa ruhusa ya kwenda kumtafuta mwalimu wangu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji alikuwa amelala kwenye barafu.

Watu waliopatikana ni wabeba mizigo wawili, waliokuwa hawajacheka, na Mama Joni, ambaye hakuombwa. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliiacha mifugo kwa jirani, akamwendea maksai, akamfungua kengele shingoni na kuibeba mkononi. Kabla ya kuondoka nilimpigia simu Mzee Athumani, mwenye duka la mablanketi na kamba pale Katesh. Ni kwake tulikonunua vifaa siku zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Bura. Mmeshuka salama?"

"Mzee wa Kengele hajashuka."

"Nakuja," akasema, na simu ikakatika. Hakuuliza habari ya wageni.

Tulipanda haraka. Tulipotoka msituni nilianza kumwita Mzee kwa jina, wenzangu nao wakaita. Mama Joni hakuita. Kwa Wabarabaig mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo, hulikwepa na kutafuta jingine. Ni heshima, na hawaiweki kando kwa sababu ya shida. Kwa hiyo yeye alipiga kengele. Alitembea akiitikisa kwa mwendo wa mtu anayetembea, sio wa mnyama, kisha anainua mkono tunyamaze wote, tunasikiliza, halafu anaendelea. Sisi tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na ukungu ukazimeza. Sauti ya chuma ilipita.

Tulikuwa karibu na ule mgongo wa mawe, jua limeshaelekea kuzama, barafu bado imelala kwenye nyufa, alipoinua mkono kwa mara nyingine. Sikusikia kitu. Akaitikisa tena, akanyamaza. Ndipo nikaisikia, kutoka chini kwenye korongo, mara moja, halafu tena. Mama Joni aliketi chini palepale kwenye barafu akaziba uso kwa mikono yake. Halafu akasimama akasema, "Ni yeye. Shuka wewe, mimi napiga asilale."

Nilishuka kwa kamba. Mzee alikuwa ameegemea jiwe, mguu mmoja umelala upande usiotakiwa. Alikuwa ameteleza akirudi na simu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Lakini kifua kilikuwa wazi, lubega haikuwa mwilini. Alikuwa ameikunja kunja akaishika tumboni kama anayefunika mtoto.

"Wageni wamefika?" akaniuliza.

"Wamefika wote."

"Vizuri." Akafungua lubega kidogo. Ndani mlikuwa na simu, kavu kabisa. "Nilijua mtakuja. Simu ya Mzungu iko kwangu."

Nilikuwa sijamwambia neno lolote la getini. Hakuwepo bosi aliposema basi, hakuwepo alipobadilika uso. Lakini alikuwa amefanya kazi mle miaka mingi kuliko sisi sote, akajua ni kitu gani kingewapandisha watu mlimani jioni ile, akakifunika kitu hicho na kujiacha yeye wazi. Nililia mbele yake, naandika hivyo bila kujificha. Nilitaka kuitupa ile simu korongoni. Akaushika mkono wangu.

"Usitupe. Hiyo ndiyo imenitafutia watu. Mtu mwenyewe hana kosa."

Tulimfunga mguu kwa fimbo yake mwenyewe na vipande vya lubega, tukampandisha kwa kamba. Njiani tukakutana na Mzee Athumani na ndugu zake wawili, watu wa dukani wasiozoea mlima, wanahema, wamebeba mablanketi mapya ambayo bado yalikuwa kwenye nailoni zake. Walimfunika yote. Gari lake la mizigo alikuwa amelileta mpaka lilipokataa kwenda. Tulimshusha kwa zamu kwenye machela ya mablanketi, na Mama Joni alitembea nyuma kabisa na kengele. Sikuwa nimemwambia atembee nyuma.

Getini bosi alikuwa bado anasubiri, nakiri hivyo, hakuondoka. Aliikimbilia machela. Akauliza, "Iko wapi?" Nikampa. Akaifuta kwa leso, akaiwasha kuona kama inafanya kazi, akaingia garini kuwahi hotelini. Mzee alimtazama mpaka taa za gari zilipopotea.

"Sasa tumefika," akasema.

Alipona, kama kulala na kuamka ndiko kupona. Nyonga iliungana vibaya, na mlimani hakurudi. Baada ya muda bosi alimtembelea nyumbani akiwa na mpiga picha. Alimletea cheti cha kufika kileleni, kile kile wanachopewa wageni, na mahali pa jina palikuwa wazi, akasema ataandikiwa baadaye. Mzee alipigwa picha ameketi mlangoni, kengele mkononi. Picha ile ndiyo mnayoiona kwenye milango ya magari yenu, na chini yake wameandika Fuata Kengele. Ndiyo hiyo pia iliyo kwenye fulana. Kile cheti kilikuwa kimefunikwa kwa nailoni, na Mzee alikitandika chini ya kibuyu cha maziwa kilichokuwa kinavuja, akaniambia kwamba hiyo nailoni yao ni nzuri.

Utaratibu wa kengele mwanzoni uliachwa, kisha ukarudi kwa namna nyingine. Siku hizi kila mgeni anapewa kikengele chake begani, kinalia chenyewe, wanakipenda. Msafara mzima unalia, kwa hiyo hakuna anayeweza kusikia aliyenyamaza. Nimelisema hilo kwenye vikao mpaka nikaonekana mzee mwenye maneno. Petro alihamia Arusha na sikusikia habari zake tena. Mzee alifariki kabla lile tope la mlimani halijashuka Katesh, na siku tope lilipochukua nyumba za watu nilishukuru kwamba hakuuona mlima wake ukifanya vile. Mzee Athumani siku hiyo aligawa mablanketi yote ya duka. Huyo ndiye mtu wa kuwekwa kwenye milango ya magari, lakini hawezi kuuza fulana.

Nawarudisha kwenye siku yangu ya kuagwa. Mnakumbuka bosi wa sasa alivyohutubia. Alinisifu vizuri, hana ubaya wa maneno. Halafu akasema, "Na leo tumkumbuke pia yule mzee wetu wa kengele, yule... jina limenitoka kidogo." Akatugeukia tumsaidie. Nilikuwa kwenye kiti cha mbele, mimi ndiye niliyepaswa kusema, lakini kwa hasira sikulitaja. Nikawaangalia ninyi. Mlikuwa mmevaa picha yake vifuani, na hakuna hata mmoja aliyejua. Bosi akacheka, akaendelea na hotuba, nanyi mkapiga makofi.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Joni. Amezeeka, lakini bado anatembea nyuma ya ng'ombe. Kengele zote mbili ziko kwake, moja kwa maksai mpya na moja imetundikwa juu ya mlango. Nilimsimulia ya kwenye sherehe, nikitegemea atakasirika kama mimi. Aliendelea kuchonga kijiti.

"Wao wamesahau," akasema. "Mimi sijawahi kulitaja hata siku moja, na sijasahau. Nikifa, naondoka nalo."

"Joni analijua?"

"Analijua. Lakini Joni yuko Dar, atamwambia nani?" Akaniangalia. "Wewe huna mwiko. Wewe ulimwita kule juu, nilikusikia, ulikuwa unaliharibu kwa lafudhi yenu ya Mbulu, lakini alisikia. Andika basi. Wape hao vijana."

Ndiyo nimeandika. Mkifika getini na msafara, kabla ya keki na vyeti, mtu mmoja asimame kwenye kona ya njia na kumtaja aliye nyuma, jina lake, sio kazi yake, na kusiwe na mtu anayevua buti mpaka mwenye jina ameitika. Na mkiulizwa yule mzee kwenye mlango wa gari ni nani, msiseme ni Mzee wa Kengele.

Alikuwa anaitwa Gidabanja.